Mifupa ya Miaka Tisa

Nina miaka ishirini na mmoja. Nimeandika hilo kabla ya jina langu kwa sababu umri ndio ulioniponza, na kwa sababu ukiniona barabarani hapa Mubi utadhani nina kumi na miwili, utaniuliza mama yangu yuko wapi. Waendesha pikipiki wananiita Kadogo. Mmoja alikataa kunibeba bila mtu mzima. Nikamtolea kadi yangu ya mpiga kura, akaigeuza mbele na nyuma, akaniuliza nimeiokota wapi.

Jina langu ni Solange. Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye mtoto wake haongezeki, na kwa ajili ya mtoto huyo kama ameshajua kusoma. Sitaeleza ugonjwa kwa maneno ya madaktari. Ninachojua ni kwamba shingoni, chini ya koo, kuna kiungo kidogo kinachouagiza mwili ukue, upate joto na uamke, na changu kilinyamaza nikiwa na miaka tisa hivi. Hiyo ilikuwa nusu ya ugonjwa. Nusu nyingine tuliitengeneza wenyewe nyumbani, mama na mimi, na hiyo ndiyo ninayotaka muisikie.

Kwetu ni milimani juu ya Kashuga, Masisi. Tulikuwa watu wa maharage na viazi, na babu alikuwa na ng'ombe wanne kabla watu wenye bunduki hawajawala. Nyumba yetu ilipochomwa tuliteremkia kambini: mama, mimi, mdogo wangu Neema, na Bahati aliyekuwa bado mgongoni. Baba alikuwa amekwenda Walikale kuchimba mawe ya madini, na habari zake zilikuwa zimekatika tangu mvua za mwaka uliotangulia.

Ni huko kambini nilipoanza kusikia baridi ambayo wengine hawaisikii. Masisi ni baridi, kila mtu anajua, lakini mimi nilitetemeka saa sita mchana nikiwa nimeketi kando ya moto. Uso ulivimba, hasa macho kila asubuhi, na watu wakamsifu mama kwamba ananilisha vizuri. Ngozi ya miguu ilikauka ikapasuka. Niliweza kumaliza siku tano bila kwenda chooni, na katika kambi yenye foleni ya choo hilo lilionekana kuwa adabu njema. Kujibu pia nikawa mzito. Mwalimu akiniuliza swali, jibu langu lilifika akiwa ameshamuuliza mwingine. Mama alisema ni uvivu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili walipokuja wapimaji. Walikuwa watafiti wa afya, walitaka kujua njaa na kukimbia vita vinafanya nini katika mifupa na meno ya watoto. Prezida wa kambi alitangaza kwa megafoni: wanatafuta watoto wa miaka minane mpaka kumi, mmoja kwa kila nyumba. Watapimwa mara mbili kwa mwaka, maharage yakipandwa na maharage yakivunwa, kwa miaka minne. Na kila mwezi nyumba ya mtoto anayepimwa itapata mfuko wa unga wa soya na chupa ya mafuta.

Sasa, sisi watu wa kambi tulikuwa tumejifunza kitu kimoja mapema sana. Mtu akija na orodha, usijibu swali lake mpaka ujue ni jibu gani linalopewa chakula. Wanaoandikisha wajane walipokuja, wanaume wazima walijificha porini siku nzima ili wake zao wawe wajane. Walipokuja wa wazee, shangazi mmoja mwenye miaka arobaini alitembea na fimbo wiki mbili. Hatukuuita huo uongo. Tuliuita kujiandikisha.

Neema alikuwa na miaka sita, Bahati mitatu. Nyumba yetu haikuwa na mtoto wa miaka tisa. Mama alinitazama kutoka juu mpaka chini, na chini hakukuwa mbali.

"Solange, kuanzia leo uko na miaka tisa," alisema. "Umesikia?"

"Na kesho?"

"Kesho pia. Mupaka mie njo nitakuambia."

Kwenye meza ya kuandikisha walimwomba karatasi ya kuzaliwa. Mama alisema iliungua pamoja na nyumba, na mwandishi akaandika hivyo hivyo, maana kila mama aliyemtangulia alikuwa amesema maneno hayo. Kadi yangu ya ubatizo, yenye siku na mwezi na mwaka, ilikuwa kiunoni mwake ndani ya plastiki, imefungwa chini ya kitenge.

Aliyepima mifupa aliitwa Papa Déo, mwanaume mpole mwenye mikono ya baridi. Alinisimamisha kwenye ubao, visigino na mgongo vikigusa mbao, akateremsha kipande mpaka kikanibana kichwani. Alikuwa na chuma chenye meno mawili cha kubania kiwiko na kifundo cha mkono, akikaza taratibu na kutaja namba kwa sauti. Meno yalihesabiwa na Dada Sifa, msichana wa Goma aliyekuwa na kioo kidogo chenye mpini. Alihesabu ya utotoni na ya ukubwani, akisema kila moja kwa jina lake la namba. Sijawahi kuchunguzwa vile. Nitasema ukweli, nilijisikia mtu wa maana.

Kisha walitubeba kwa gari mpaka Mweso, kwenye nyumba waliyokuwa wameikodi, kupigwa radio, yaani picha ya mifupa, ya mkono wa kushoto. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, watoto ishirini na mama zao, bila kula, tukitazama mlango mmoja. Zamu yangu ilipofika niliweka kiganja juu ya sahani nyeusi, nikaambiwa nisipumue. Baadaye Papa Déo alifungua kitabu kikubwa. Kila ukurasa ulikuwa na picha ya mifupa ya mkono wa mtoto mmoja mwenye afya, watoto wa nchi za mbali, wamepangwa kwa miaka. Alishika picha yangu kando ya kurasa hizo, akafunua mbele, akarudi nyuma, akasimama.

"Mama, huyu mutoto iko sawa kabisa," alisema. "Mifupa ya miaka tisa, meno ya miaka tisa, na urefu njo ule ule. Batoto bengi ba kambi hawako hivi."

Hapo ndipo penye ukatili wa jambo lenyewe, na naomba msilipite haraka. Mwili wangu ulikuwa umebaki nyuma miaka mitatu. Mama alikuwa amenipunguza miaka mitatu. Ugonjwa na uongo vililingana mpaka mashine ikavithibitisha. Laiti mama angesema kumi na mmoja, au hata kumi na nusu, wangeona kasoro. Alisema tisa, na mifupa yangu ikamtetea.

Mama alirudi kambini akiwaeleza majirani kwamba radio yenyewe imesema. Baada ya miezi michache nafikiri alianza kuamini kidogo. Alinipangia kazi za mtoto wa miaka tisa. Nikikosea, alimwambia Neema, "Mwache, iko mudogo."

Unga ulikuja. Uji wa soya asubuhi, uji wa soya jioni, na mafuta mengine mama aliyabadilisha kwa chumvi na sabuni. Bahati aliacha kuwa na tumbo la kuvimba kwa njaa. Mimi ndiye niliyelisha nyumba ile, kwa kusimama kwenye ubao na kufungua kinywa, na nililijua hilo na nikaringa. Siku ya mgawo nilibeba kadi yetu mwenyewe. Kipimo cha pili kikapita. Nilikuwa nimeongezeka kidogo sana, upana wa kucha, na Papa Déo akasema wengine hukawia.

Kipimo cha tatu kilikuwa wakati wa kuvuna, mwaka mmoja tangu tuanze. Kipande cha ubao kilishuka kikasimama pale pale. Papa Déo aliniambia nitoke, nisimame tena. Pale pale. Alimwita Dada Sifa. Akahesabu meno akakuta hakuna lililotoka wala lililoanguka. Walimuuliza mama nimezaliwa lini. Mama aliapa kwa jina la marehemu bibi kwamba nilizaliwa mwaka wa mvua ya mawe kubwa ile, njo mwaka ule ule. Basi Dada Sifa akanipeleka peke yangu nyuma ya pazia, akaketi chini kabisa ili macho yetu yalingane.

"Solange, sitamuambia mama. Ukisema kweli hakuna mutu atakukasirikia. Uko na miaka ngapi ya kweli?"

Sikuwa mtoto wa miaka tisa. Wala kumi, kama karatasi yao ilivyosema sasa. Nilikuwa na kumi na mitatu, nilijua kusoma saa, nilijua mwezi wangu na mwaka wangu. Nilijua pia kwamba kuna jambo mwilini mwangu, maana rafiki yangu Vumilia, tuliyebatizwa naye siku moja, alikuwa ameanza kuficha kifua na kunizungumzia wavulana, na mimi nilikuwa bado ninavaa gauni la miaka miwili iliyopita. Dada Sifa alikuwa na uso mzuri wa kuaminika. Nilifikiria Bahati na bakuli lake. Na nilifikiria, afadhali niseme yote, kwamba wakinitoa kwenye utafiti sitabeba tena kadi siku ya mgawo.

"Kumi," nikasema.

Aliinuka. Kisha akatoka nje, na kupitia upenyo wa pazia nilimwona akisema maneno machache na mama.

Waliandika kwamba ni njaa. Wakatuongezea mfuko wa pili wa unga kila mwezi. Mwili wangu ulikuwa umegoma kukua na nyumba yetu ikalipwa kwa hilo. Jioni hiyo mama alipika uji mzito, akatania, "Ukikua sasa, tutakula nini?" Tulicheka wote. Neema alicheka mpaka uji ukamtoka puani. Ule utani haujaniacha hata leo.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa aibu. Sauti yangu ilikwama ikawa nzito, kama ya mtu mwenye mafua ya kudumu. Nywele zilikatika kila nilipozisuka. Nyusi zilipukutika upande wa nje. Ulimi ulionekana mkubwa kuliko kinywa. Vumilia aliolewa, akaja kututembelea na mtoto wa wifi yake mgongoni, na mtoto huyo akamshika Neema kidole, lakini aliponiona mimi akalia. Kambini maneno yakaanza, na yalianza kwa wanawake wa bombani. Walisema mama amenifunga. Walisema alifanya dawa ya kunizuia nisikue, ili ale unga wa wazungu. Walimwambia usoni.

Mwaona jinsi lilivyo jambo baya. Walikosea dawa tu. Mengine yote walikuwa wamepatia.

Mama, kwa kutaka kusafisha jina lake, alinipeleka kwenye chumba cha maombi. Watu wale hawakuwa wabaya, nadhani waliniombea kwa moyo. Lakini waliagiza nifunge kula siku tatu, na walikuwa na mwanzi ukutani walioukata alama ya kimo changu. Kila asubuhi walinisimamisha kwenye mwanzi kuona kama Mungu amefanya kitu. Siku ya kwanza, alama ile ile. Siku ya pili, ile ile, na mama mmoja akaniambia ninamkataa Roho. Siku ya tatu nilianguka kabla hawajanifikisha ukutani.

Nilizinduka juu ya kitanda cha kubebea, watu wanne wananipeleka hospitali ya Mweso, mvua inanyesha usoni. Mama alikuwa anatembea pembeni akiwa ameshika mguu wangu. Kwenye mapokezi tulikaa zaidi ya saa tatu kati ya mwanaume aliyejikata panga na mama mwenye pacha. Yule mama wa pacha alinivua viatu vyangu vilivyolowa bila kuulizwa, akanifunika miguu kwa kitenge cha mtoto wake mmoja. Simjui jina. Muuguzi alipofika alichukua kalamu.

"Miaka?"

"Kumi na moja," mama alisema.

"Kumi na nne," nikasema mimi.

Muuguzi alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Mama?"

 Mama alisimama, akageukia ukuta, akafungua kitenge chake na kutoa ile plastiki. Fundo lilikuwa limekazwa na mvua. Muuguzi akalifungua kwa mkasi, akasoma kadi ya ubatizo, akaisoma tena, kisha akaniangalia kwa namna ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniangalia. Alinigusa shingo. Aliniambia nitoe ulimi. Akagonga goti langu, na goti likachelewa kuruka.

"Na muko munapimwa huko kambini mwaka mzima?" alimuuliza mama.

"Karibu miaka mbili," mama akajibu.

Walichukua damu ikapelekwa Goma, nasi tukarudi kambini kusubiri. Barabara ilikuwa imefungwa kwa mapigano, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Majibu yalirudi baada ya wiki saba: ni kile kiungo cha shingoni. Wiki saba ni muda mrefu wa kulala mkiwa mmegeuziana mgongo. Mama hakunigombeza hata siku moja na mimi sikumwomba radhi. Alinipa uji kwanza kabla ya wadogo zangu, na nilikunywa.

Papa Déo alikuja mwenyewe kambini alipopata habari. Alikuwa na fomu zangu zote, kurasa nyingi, namba za kiwiko na kifundo na meno. Alizipiga mstari mwekundu ukurasa kwa ukurasa mbele yetu, kwa sababu hazikuwa na faida tena kwa utafiti. Hakukasirika, na nilitamani angekasirika.

"Nilikushika mukono mara ine," aliniambia. "Mara ine, Solange."

Unga ulikoma mwezi huo huo. Tumbo la Bahati likarudi.

Kidonge walichonipa ni kidogo na cheupe. Unakimeza asubuhi kabla ya kitu chochote, na unasubiri kabla ya kula. Wiki mbili za kwanza nilidhani wamenipa chaki. Wiki ya tatu niliamka nikasikia joto la blanketi, na nikalia kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba blanketi lina joto. Baada ya hapo mwili uliamka kwa fujo. Ngozi ya mikono ilibanduka. Moyo ulienda mbio, nilikuwa siwezi kutulia, nilimpiga Neema bila sababu. Meno ya utotoni yaliyokuwa yamegoma yalianguka matatu ndani ya mwezi mmoja, nikiwa na miaka karibu kumi na mitano, na Dada Sifa, aliyekuja kunisalimu tu, aliniambia nisuuze kwa maji ya chumvi. Mifupa iliuma usiku na mchana. Nilipenda maumivu hayo. Kabla ya mavuno ya pili, gauni langu lilikuwa limepanda juu ya magoti.

Kisha vita vilikuja mpaka kambini, na kambi ikatawanyika kwa siku moja. Tulitembea kuelekea Walikale kwa sababu huko ndiko baba alikokuwa, kama alikuwa hai. Vidonge vilivyobaki nilivigawa nusu nusu, kisha robo robo. Tulifika Mubi, huko huko Walikale, nikiwa nimevimba uso tena.

Baba alikuwa hai. Tulimkuta ameketi nje ya duka linalouza sururu na majembe, amenenepa, ana mke mwingine na mtoto. Alisimama, akamkumbatia mama kwa aibu, akambeba Bahati. Kisha akaniwekea mkono kichwani.

"Neema, mutoto wangu," akasema. "Na Solange iko wapi?"

Neema alikuwa amesimama karibu yangu, tunalingana. Mama ndiye aliyemjibu, akasema, "Ni huyo unashika." Baba aliondoa mkono. Alitupa chumba nyuma ya nyumba ya rafiki yake na hakuja kutuona mara nyingi.

Aliyeniokoa Mubi ni Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye duka la nguo na sabuni na malori mawili. Mama alikuwa anamfulia. Siku moja aliniuliza ugonjwa wangu, nikamwonyesha pakiti tupu. Aliiweka ndani ya kitabu chake cha sala, na lori lake lilipotoka Goma dereva alileta pakiti sita zimefungwa ndani ya khanga. Tangu hapo hakuna lori lililorudi bila pakiti yangu, isipokuwa mara mbili barabara ilipokatika. Ukimshukuru anakasirika. "Meza, nyamaza," ndivyo anavyosema.

Hedhi yangu ya kwanza nilipata nikiwa na miaka kumi na saba. Mama alinipa kitambaa, akakaa nje ya mlango mpaka nilipotoka. Lakini urefu ulikuwa unapungua mwendo. Vidole vinne mwaka mmoja, vidole viwili, kimoja. Nilikuwa nikijipima kwenye mlango, na nikishindwa kufikia kitu nilimwita mama aje aone. Sufuria ya juu, msumari wa kutundikia nguo, dirisha. "Mama, njoo unisaidie, mie niko na miaka tisa." Nilisema hivyo mbele ya wageni. Nilisema hivyo kanisani, kuhusu kufikia maji ya baraka. Alikuja kila mara, akanipa nilichotaka, akaondoka.

Nilipofika kumi na tisa alipita Walikale daktari wa mifupa, kijana bado, na Mama Kavira akatubeba kwenye lori lake. Daktari alipiga radio ya mkono, akaiinua kwenye mwanga.

"Mifupa imefunga," alisema. "Kidonge utameza mpaka mwisho wa maisha, usiache hata siku moja. Lakini urefu njo huu."

Nilikuwa nimejiandaa. Mama hakuwa amejiandaa. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Kama tungelisema siku ya kwanza kabisa, angelifika wapi?"

Daktari alimuuliza kama baba yangu ni mrefu. Mama akasema ndiyo, sana. Basi daktari, bado anaangalia picha, aliinua mkono wake akaushikilia hewani, kiganja chini. "Hapa hivi," akasema. Mkono wake ulikuwa juu ya kilemba cha mama. Mama aliinua uso akauangalia. Daktari alisahau kuushusha, alikuwa anasoma mambo mengine kwenye picha, na mama akaendelea kuangalia mahali pale ambapo kichwa changu kingefika. Na mimi, naomba mnisikie vizuri, nilifurahi kumwona anaangalia.

Ningeweza kumwambia pale pale kwamba si yeye peke yake. Kwamba niliulizwa nyuma ya pazia na mtu mwema, nikiwa na akili zangu, nikajibu kumi. Sikumwambia. Nilimwacha abebe peke yake, kwa sababu nilikuwa na hasira na sikuwa na mtu mwingine wa kumtwisha.

Wewe mwenye mtoto asiyeongezeka, taja miaka yake ya kweli kwa kila mwenye kalamu, hata kama orodha itakupita. Na mtoto akiwa anasikia baridi wakati wenzake wanaoga mtoni, waambie wauguzi wamguse shingo. Unga utapatikana au hautapatikana. Sisemi kwamba ni rahisi. Bahati alikuwa na njaa ya kweli na mama alimtazama kila siku.

Juzi tulikuwa tunachambua maharage nje, mama na mimi, mchana, ungo kati yetu. Alikuwa ameinama na nikaona kisogo chake kimekuwa na mvi. Maneno yakanitoka bila kuyapanga.

"Mama, siku ile Dada Sifa aliniuliza peke yangu. Aliniahidi hatakuambia. Ningelisema. Ni mie njo nilikatala."

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa.

"Nilijuaka," akasema.

"Ulijuaka nini?"

"Alitoka nje akaniambia: mama, unisamehe, nilikuwa nakuzania mubaya, lakini mutoto wako anasema sawa na weye." Alipepeta ungo mara moja, makapi yakaruka. "Siku ile nilishukuru Mungu juu yako. Nilisema, huyu mutoto wangu iko na akili, huyu atatuokoa."

Nilimsubiri aseme jambo lingine. Akausogeza ungo upande wangu, tukaendelea.